Gazeti linapunguza watu: fundi wa mtambo aende wapi?

#1 RolaKavu
Wakuu salaam. Kuna kiwanda cha gazeti hapa Dar kimetoa notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi. Wanaoguswa ni mafundi wa mtambo wa roli, watu wa pleti (mabati yenye picha ya ukurasa), madereva wa usambazaji na wasanifu kurasa. Pamoja na notisi imegawiwa barua iliyokwishachapwa, kichwa chake "Maombi ya kuacha kazi kwa hiari", mtu ajaze jina na airudishe Ijumaa. Anayesaini anaongezewa mshahara wa mwezi mmoja.
Isainiwe? Hesabu halali ikoje? Halafu nina dai, mnirushie mawe mkitaka: ufundi wa mtambo wa gazeti hauhamishiki. Magazeti yote yanapunguza, na nje ya gazeti hakuna anayeuhitaji.

#2 KalamuNyekundu
Isisainiwe. Hapo kinachouzwa ni neno "hiari". Fao la kukosa ajira la NSSF ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kwa aliyechangia walau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Chukua mshahara wa 780,000: fao ni 259,740 kwa mwezi, miezi sita 1,558,440. Kwa hiyo mnapewa 780,000 mkononi, mnaacha milioni moja na nusu na ushee mezani. Barua inayotakiwa ni ya mwajiri, iseme ajira imesitishwa kwa sababu za uendeshaji wa biashara. Isiwe ombi la mfanyakazi.

#3 MlaVitumbua
Kwani gazeti bado linachapwa? Mi nilidhani yanayozunguka mtaani ni stoo ya zamani, ya kufungia vitumbua.

#4 HesabuKali
#3 kaa pembeni wakubwa wanaongea.
Kiinua mgongo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10, na uwe umetimiza miezi 12 mfululizo kazini. Mshahara wa siku unapatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 4.333 mara siku unazofanya kazi kwa wiki. Wa siku sita anagawa kwa 26, wa siku tano kwa 21.67. Kwa 780,000 na siku sita: 30,000 kwa siku, 210,000 kwa mwaka, miaka kumi 2,100,000. Mwenye miaka 17 kazini naye ni hiyo hiyo 2,100,000, hapo ndipo watu huzimia. Ongeza notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au pesa badala yake), likizo isiyochukuliwa, siku ulizofanya kazi mwezi huo, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama uliajiriwa mkoa mwingine, na cheti cha utumishi.
Angalizo: ni mshahara wa MSINGI. Posho ya zamu ya usiku haimo, na kwa mafundi wa gazeti posho ndiyo iliyokuwa inabeba nyumba.

#5 RiverRoad
Hamjambo kutoka Nairobi. Huku ni siku 15 kwa kila mwaka na hakuna ukomo wa miaka kumi. Sheria ya Ajira ya 2007. Notisi ya mwezi mmoja iende kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi. Kama si mwanachama, barua iende kwako binafsi na kwa afisa wa kazi. Mtu wa 52,000 na miaka 17 anapata siku 255, akigawa kwa 26 ni shilingi 510,000.

#6 WakiliBilaJoho
#5, waajiri wengi huko kwenu hugawa kwa 30, si 26. Ukigawa kwa 30 ni 442,000. Tofauti ya 68,000 kwa mtu mmoja, zidisha kwa chumba kizima cha habari uone kwa nini wanaing'ang'ania. Someni mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, kama upo.
Sasa ya Bongo. Notisi ya kusudio si barua ya kuachishwa. Baada yake mwajiri anatakiwa atoe taarifa husika na akae na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, wajadili sababu, njia za kuepuka au kupunguza, vigezo vya nani anaondoka, muda, na malipo. Dai mihutasari ya vikao isainiwe na pande zote. Kesi nyingi zinageuka hapo: kampuni ina sababu ya kweli ya kiuchumi, lakini kikao kilikuwa kimoja, dakika arobaini, na orodha ya majina ilishachapwa kabla.
Mkishindwana, suala linakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukishaachishwa na unaona si halali, ni siku 30 kupeleka fomu CMA F.1. Madai mengine siku 60. Wanaokosa siku hizo wengi walikuwa wanasubiri "cheki ya mwisho wiki ijayo". Cheki isubiriwe ukiwa umeshafungua shauri, sheria haikukatazi.

#7 HesabuKali
Naongezea la #6: kabla ya kikao cha kwanza kila mtu achukue taarifa yake ya michango NSSF. Mkikuta miezi mwajiri alikata na hakupeleka, hoja iwekwe mezani wakati mwajiri bado anawahitaji kwenye kikao.

#8 RolaKavu
Asanteni sana. Ijumaa hakuna kusaini. Ila swali la soko hamjaligusa.

#9 FundiOffseti
Dai lako la #1 ni uongo wa nusu. Offseti ni offseti: pleti inapokea maji na wino, blanketi la mpira linahamishia chapa kwenye karatasi. Viwanda vya maboksi ya dawa, sabuni na majani ya chai vinachapa kwa offseti ya karatasi moja moja, na anayejua uwiano wa maji na wino hafundishwi upya. Ila kuna mambo yatakayokuaibisha wiki ya kwanza, uyajue kabla.
Wino wa gazeti haukauki, unanywewa na karatasi. Karatasi ya gramu 45 isiyo na mng'ao inafyonza na mambo yanaisha. Boksi ni gramu 230 mpaka 350 lenye uso uliopakwa, wino wake unakauka kwa hewa. Ukirundika marundo marefu kama ulivyozoea, chapa ya chini inahamia mgongo wa shiti ya juu. Marundo yawe mafupi, unga wa kunyunyiza uwe wa kutosha, na maji ya mtambo yakae pH 4.8 hadi 5.3. Yakishuka chini ya 4.5 wino unagoma kukauka hata kesho kutwa, na fundi mgeni huwa anaongeza kikausha wino akidhani ndiyo dawa, anaharibu zaidi.
La pili ni macho. Mtu wa gazeti kazoea weusi wa densiti (kipimo cha ukolezo wa wino) 1.1 na rangi nyingine 0.9. Kwenye boksi weusi unapanda mpaka 1.7 na kuzidi. Jicho lako litakwambia "imezidi" kumbe bado. Usibishane na mteja, tumia kipimo. Gazeti halivumilii jumla ya wino wa rangi zote nne zaidi ya asilimia 240 hivi, boksi linabeba 300 na kitu.
La tatu ni mkandamizo. Karatasi ikibadilika kutoka gramu 80 kwenda 300 unarekebisha silinda, la sivyo blanketi linabonyea kwenye pembe za shiti na linabaki na alama. Blanketi moja ukiliua siku ya majaribio, hurudi.

#10 Anilosi
Heshima yako mzee #9, lakini unampeleka kwenye foleni ndefu. Offseti ya shiti ina mafundi tele, kila chuo kinatoa. Mtu wa mtambo wa gazeti thamani yake si offseti, ni ROLI. Anajua mvutano wa karatasi, anajua kuunga roli mpya bila kukata, anajua rejista (rangi kukaa sawasawa juu ya nyingine) kwa mwendo mkali na akisikia mlio anajua bearingi ipi inalia. Hayo yote ni flekso, uchapaji wa roli kwa pleti laini: lebo za chupa za maji, mifuko ya karatasi, mifuko ya unga na saruji, vifungashio laini.
Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala inataka kuchapwa. Karatasi ya kraft, ile ngumu ya mifuko, inatoka hapo hapo Mgololo, Mufindi.
Cha kujifunza upya ni wino. Offseti wino ni mzito kama asali na maji ni ya asidi. Flekso ya maji, wino ni mwepesi na pH ni 8.5 hadi 9.5. Kinachoishikilia pH hiyo kinavukiza mtambo ukitembea, pH inashuka, wino unakuwa mzito, chapa inajaa, herufi ndogo zinazibika. Fundi wa offseti akiona hivyo anaongeza maji. Kosa! Maji yanashusha rangi na tatizo linabaki. Unapima kwanza pH, unairudisha kwa kiongezo chake, ndipo unapima uzito wa kutiririka kwa kikombe cha Zahn namba 2, chenye tundu chini, ukihesabu sekunde hadi wino uishe. Kwa kazi nyingi ni sekunde 25 hivi. Rudia kila nusu saa, andika kwenye daftari la mtambo.
Kosa lingine ni kukandamiza. Pleti ya flekso ni laini kama mpira, inatakiwa iguse tu. Ukikaza kama blanketi la gazeti, kila herufi inavaa kivuli pembeni. Na rola la vishimo, linalopeleka wino kwenye pleti, likiziba usilikwangue na chochote cha chuma. Likikwaruzwa limekwenda, na bei yake utaisikia kwa meneja.

#11 FundiOffseti
Rejista ya gazeti na rejista ya lebo ni vitu viwili tofauti #10. Gazeti likipotea nusu milimita msomaji analala usingizi mzuri. Lebo ya dawa ikipotea hivyo mzigo mzima unarudishwa.

#12 Anilosi
Na boksi la sigara je? Au kwenye shiti rejista ni ya kukadiria?

#13 MlaVitumbua
Wanapigana wazee wa wino, sisi tunasubiri kitumbua kifungwe na nini.

#14 Gilotini
Nawaonya wanaowaza kuchukua kiinua mgongo na kununua GTO 52, mtambo mdogo wa offseti, ya mtumba waweke Kariakoo. Hesabu ni hii. GTO inachukua shiti ya sentimita 36 kwa 52 tu. Ya rangi moja, kazi ya rangi nne unaipitisha mara nne, unaosha rola kila rangi, na karatasi ikivuta unyevu wa Dar kati ya pasi ya pili na ya tatu inakua, rejista inakataa. Bila chumba chenye kiyoyozi utachapa bili na kadi tu.
Na bili zenyewe ziko wapi? Vitabu vya risiti vilikuwa mkate wa maduka haya, mashine za EFD za risiti za kielektroniki zikaanza 2010. Kenya nao eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa kodi, imewamalizia. Unatoka kwenye kazi moja inayokufa, unanunua kwa pesa yako nyingine inayokufa. Kama ni lazima ununue kitu, nunua mashine ya kumalizia: ya kukunja, ya kukata umbo la boksi, ya kugundisha. Wachapaji ni wengi, wamaliziaji wanatafutwa kwa tochi msimu wa kalenda na wa kampeni.

#15 RiverRoad
#14 umesema kweli tupu. Huku Dubois Road kila mlango ni mchapaji, na wote wanapeleka kukata kwa mtu mmoja.

#16 Hodihodi
Mimi narudi kwenye sababu, maana msipojua kilichoua mtarukia kingine kitakachouawa na hicho hicho. Gazeti limeuawa na WhatsApp. PDF ya toleo zima inazunguka saa kumi na mbili asubuhi kabla muuza magazeti hajapanga meza.

#17 KalamuNyekundu
PDF ni msumari tu #16, jeneza lilikuwa tayari. Gazeti halijawahi kuishi kwa bei ya nakala, liliishi kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa kanda hii ni Serikali. Kenya mwaka 2017 matangazo ya Serikali yaliondolewa magazetini yakawekwa kwenye MyGov, chapisho la Serikali yenyewe. Bongo mwaka huo huo Mwanahalisi, Mawio, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi tofauti. Leseni zilirudishwa Februari 2022, lakini msomaji aliyeacha desturi ya kununua harudishwi na leseni.

#18 Hodihodi
Sawa, ila yale ambayo hayakufungiwa mbona nayo yamepungua kurasa?

#19 MbaoZaMagazeti
Wote mnasahau redio na televisheni. Miaka na miaka gazeti lilisomwa hewani asubuhi, kurasa kwa kurasa, bure. Mpaka mwaka 2017 waziri wa habari akataka wasome vichwa tu. Na sisi tunaosimama mbele ya meza tunasoma vichwa vyote kumi na mbili tunaondoka, tumo kwenye mashtaka.

#20 Gilotini
Ongezeni karatasi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilifunguliwa 1974, kikasimama 2009. Karatasi ya gazeti inatoka ng'ambo kwa dola, inalipiwa meli, bandari na ghala, na sehemu ya nakala inarudi kutoka kwa mawakala kama marejesho ya kuuzwa kwa kilo. Biashara gani inastahimili hiyo?

#21 WakiliBilaJoho
Kubishana nani kaua ni starehe, lakini lina matumizi kwenye kikao: mwajiri akiandika "mabadiliko ya teknolojia", mwombeni aoneshe teknolojia gani imeingia ikaondoa kazi ya dereva. Akiandika "hali ya uchumi", mwombeni mahesabu. Asichanganye.
Fani hii si mara ya kwanza kufa. New York Times walipanga herufi za risasi kwa mara ya mwisho Julai 1978. London, Januari 1986, zaidi ya wachapaji 5,000 walitolewa magazeti ya Murdoch yalipohamia mtambo mpya wa Wapping. Waliogoma walipoteza, ila hapo kuna mabishano ya miaka, tusiingie.

#22 PembeTatu
Jamani wasanifu kurasa hakuna aliyetugusa. Msanifu wa gazeti ana kasi kuliko msanifu yeyote wa matangazo, anafunga kurasa nane usiku mmoja. Soko lake ni maandalizi ya vifungashio, yaani kati ya mbunifu na mtambo. Mambo ya kujifunza ni machache lakini makali.
Mchoro wa kukatia boksi uwe kwenye safu yake, rangi yake ya pekee, isichapwe. Rangi zinazokutana zipandiane kidogo, maana flekso hucheza. Herufi nyeusi ndogo zichapwe juu ya rangi, rangi ya chini isitobolewe kuzipisha. Rangi za gazeti ulizozoea kuzipunguza kwa sababu ya karatasi ya kufyonza, hapa ukizipunguza hivyo boksi linatoka limepauka kama lilianikwa juani.
Msimbo wa mistari ndio unaorudisha mizigo. EAN-13, ule wa tarakimu 13, kwa ukubwa kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93, usishuke chini ya asilimia 80. Mistari isiwe nyekundu, kwa sababu taa ya skana ni nyekundu na haitaiona. Nafasi nyeupe ya pembeni isiguswe na urembo wowote. Kwenye flekso mistari ielekee mwendo wa roli. Ukiilaza kukatisha, wino unavutika, mistari inanenepa, dukani inakataa kusoma. Bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, Kenya 616. Mteja akikuletea namba aliyoitoa mtandaoni ya kuanza na 6 nyingine yoyote, muulize kabla hujachapa mifuko laki moja.

#23 Anilosi
#22 hiyo ya mwelekeo wa mistari wabandikie ukutani. Dada, kiwanda chochote cha lebo ukiingia na hayo maneno, usaili umekwisha.

#24 PembeTatu
Kaka yako mimi. Lakini asante.

#25 MlaVitumbua
😂😂 #23 amejikanyaga wino.

#26 MamaHazina
Naongelea mikopo, hapo ndipo watu wanalia. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara huwa na barua ya mwajiri kuwa malipo ya mwisho yatapitia akaunti hiyo. Siku pesa ikiingia benki inajichukulia, mtu anaenda kutoa anakuta elfu kumi na tano. Nendeni kabla ya mshahara wa mwisho, kwa maandishi, muombe marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Muulizie pia bima ya mkopo. Nyingi zinafidia kifo na ulemavu, baadhi zinafidia kupoteza ajira kwa miezi kadhaa, lakini dai lina tarehe ya mwisho na "kuacha kwa hiari" halilipwi, narudia la #2.
SACCOS: akiba zako zinaweza kufidia deni lako, ila kama umemdhamini mwenzako anayeachishwa siku moja na wewe, akiba haitoki mpaka deni lake lishughulikiwe. Kwenye kiwanda kimoja wote mmedhaminiana mduara. Fungueni daftari muone nani anamshikilia nani.

#27 RiverRoad
Kenya mjue pia SHA, bima ya afya ya taifa. Ukiwa na mshahara ni asilimia 2.75 inakatwa yenyewe. Ukitoka unajiandikisha upya kama asiye na mshahara, unakadiriwa kipato cha nyumba, mchango wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka kwa pamoja. Watu hugundua wakiwa mapokezi ya hospitali.

#28 Tandamti
Na madereva wa usambazaji? Hao wana kitu hamkioni: wanajua kila wakala kutoka Chalinze mpaka Mbeya, saa yake ya kufungua na anayelipa kwa wakati. Kampuni za vifurushi zinatafuta watu hao. Wasiende kuomba "udereva", waandike njia, idadi ya vituo na muda wa kufika.

#29 HesabuKali
Njia ya gazeti ni ya usiku na mzigo ni mmoja. Vifurushi ni mchana, sahihi ya kila mpokeaji, na ukipoteza unalipa. Usiwadanganye #28.

#30 Tandamti
Ukipoteza marejesho ya gazeti nako ulikuwa unakatwa. Uliza mawakala.

#31 KalamuNyekundu
Wahariri na waandishi watakaokimbilia YouTube: maudhui ya habari mtandaoni yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu kanuni za 2018. Wakati ule leseni ilikuwa milioni moja na maombi laki moja, ada ikapunguzwa baadaye, ulizeni ya sasa kabla ya kununua kamera. Na kugawiwa pesa za matangazo kunataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hiyo si pesa ya kodi ya mwezi ujao.

#32 RolaKavu
Asanteni wote. Kuna kiwanda cha lebo Pugu Road kinafanya majaribio ya siku moja. #10, mtu anakuja na nini mfukoni?

#33 Anilosi
Kioo cha kukuzia mara kumi, karatasi za kupimia pH zinazofika mpaka 10, na kikombe cha Zahn cha kuazima kama hana. Asiguse kitu kwa dakika tano za kwanza, aangalie kingo za herufi. Akikuta kivuli pande zote, alegeze mkandamizo. Akikuta kivuli upande mmoja tu, aangalie kasi ya silinda na unene wa utepe wa kubandikia pleti: kazi ya utepe wa milimita 0.38 ikibandikwa wa 0.50, silinda inakuwa nene na kila kitu kinavutika. Wengi kwenye majaribio wanawekewa kosa hilo makusudi.

#34 FundiOffseti
Na akikosa huko, kiwanda cha maboksi kipo mbele kidogo, mkono wa kushoto. Aje na blanketi lake. 😄